Siku Mtaa wa Juu Ulipokataa Kushindwa

Enzi zetu hatukungoja taarifa ya habari ili tujue madola makubwa yanavyogombana. Sisi watoto wa Mji wa Kale tulizaliwa tukayakuta mawili hapo hapo mlangoni, yamekaa barazani, yamevaa kofia za vito na vikoi, yanakunywa kahawa chungu. Moja liliitwa Mtaa wa Juu, la pili Mtaa wa Chini. Mpaka baina yao ulikuwa bomba la maji la manispaa, lililokuwa likivuja tangu siku lilipotiwa, na ukitaka kujua ukubwa wa ulimwengu huo, mtoto wa kwetu akitema kokwa ya ubuyu iliangukia nchi ya kigeni. Nawaandikia wenzangu wa rika langu, wanaokumbuka. Vijana wa leo najua hawataamini, maana wao hawaamini jambo lolote ambalo halikupigwa picha.

Uzalendo tulifunzwa mapema. Kabla sijaijua alifu na be kule chuoni kwa Maalim, nilikuwa nimeshahitimu somo la Mtaa wa Chini: kwamba mbaazi zao ni maji matupu, kwamba mahamri wanayokula hayana iliki, kwamba watoto wao hawapengi makamasi, na kwamba babu zao walifika mjini wakati babu zetu wameshajenga nyumba, wakaomba upenu. Wao nao walifunzwa kwamba sisi tuna majivuno, kwamba tunakula muhogo mkavu milango ikiwa imefungwa kisha tunatoka nje tukijichokoa meno kama watu waliokula nyama. Ukweli ni kuwa mitaa yote miwili ilinunua mahamri kwa mwanamke mmoja, Bi Mwanasha, ambaye nyumba yake ilikuwa bombani penyewe, naye hakuwa wa Juu wala wa Chini. Asubuhi mafuta yake yakishachemka, harufu ya iliki ilivuka mpaka bila kuomba ruhusa, na mabingwa wa uzalendo wa pande zote walisimama foleni moja na mabakuli yao ya mbaazi, kila mmoja akitazama ukuta.

Sisi watoto wa kike tulikuwa wasaliti wa kuzaliwa. Baada ya adhuhuri, wazee wakishajinyoosha kwa usingizi wa wali wa nazi, tulikutana bombani na wenzetu wa Chini tukacheza mdako kwa vijiwe, tukacheza nage kwa mpira wa soksi kuukuu, tukabadilishana kashata kwa achari ya embe. Tulikuwa na rafiki zetu wa kule ambao tuliwajua mpaka makovu ya magoti. Ikiadhiniwa alasiri madola yakaamka, nasi tukatawanyika, kila mmoja akarudi kwao kuwa adui.

Mkuu wa dola letu alikuwa babu yangu, Mzee Shee, babake mamangu. Alikuwa na redio kubwa iliyovalishwa kitambaa cha kutarizi kizuri kuliko nguo zetu wajukuu, na kila jioni aliitoa barazani akaifungulia idhaa ya Kiswahili ya Marekani. Ng'ambo ya bomba, Mzee Kombo, mkuu wa Mtaa wa Chini, naye alitoa yake akaifungulia idhaa ya Kiswahili ya Warusi. Msidhani mmoja wao alikuwa amesoma siasa. Mzee Kombo ndiye aliyetangulia kununua redio, akaishika Moscow kwa kuwa ndiyo iliyosikika vizuri upande wao. Babu alipopata yake, akatafuta yeyote anayemtukana Mrusi. Lau Mzee Kombo angeshika Marekani, babu yangu, mtu wa swala tano na uradi, angekufa Mkomunisti. Safari yake ndefu kabisa maishani ilikuwa kwenda Voi kwa gari moshi, na alirudi kesho yake akilalamikia baridi. Lakini redio ikisema Marekani imetengeneza kombora jipya, barazani petu watu walipeana mikono kana kwamba limetengenezwa uani kwetu, na babu akanyanyua kikombe akasema, "Tumewaweza." Sisi. Tumewaweza. Na nyumbani hatukuwa hata na mafuta ya taa.

Basi vijana wa Juu wakajiita Marekani, vijana wa Chini wakajiita Urusi, na kwa kuwa hawakuwa na makombora, walitumia kirumbizi. Kwa asiyejua, kirumbizi ni mchezo wa fimbo unaochezwa harusini, alasiri, kwa ngoma na zumari. Watu hufanya duara, wawili huingia kati wakarukaruka na kugonganisha fimbo kwa madaha. Anayeguswa humpa mwenzake mkono akatoka, mwengine akaingia. Fimbo zake zilikuwa za henzirani, nyepesi, zenye mlio mkubwa na maumivu madogo. Hivyo ndivyo mchezo ulivyokuwa tangu enzi za mababu, mpaka ukaingia mikononi mwa watu wenye uzalendo.

Mambo yalianzia kwenye harusi moja ya Chini, ambapo kijana wao mmoja alionekana na fimbo nene kidogo. Kidogo tu. Baraza letu likaujadili unene ule, likaamua kwamba sisi ni watu wa amani, hatutaki ugomvi na mtu, na kwa ajili ya hiyo amani harusi ijayo tutakuja na bakora za mtobwe. Chini walipoziona wakasema wao pia ni watu wa amani, wakaja na za mkwaju. Nasi tukaipenda amani kuwashinda: babu akaagiza mpingo. Mpingo, jamani, mti wa kuvunjia mashoka, uliletwa kwenye ngoma ya harusi ili usitumike. Ndivyo walivyotueleza. Fimbo ile ni ya kuonyeshwa tu. Adui akiiona ataogopa, akiogopa hatapiga, asipopiga sote tutakaa salama. Nyanya yangu, aliyekuwa akichambua mchele huku anasikiliza, alisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Akaambiwa wanawake hawaelewi mambo ya ulinzi.

Kisha ikaja mikataba. Mtaa wa Chini ulifunga urafiki na vijana wa Makupa waliokuwa wakipakia malori, wenye vifua kama milango. Babu akatangaza kwamba tumezingirwa, neno alilolipata redioni, ingawa Makupa iko kule mwisho wa kisiwa na waliotuzingira sisi walikuwa mbu peke yao. Mjomba wangu Abubakari, mwanawe babu na bingwa wetu wa fimbo, alikuwa akifanya kazi stesheni ya reli, akatuletea wenzake waliokaa Buxton, akiwamo Wafula, mtu wa bara, mpole, mkubwa wa mwili, aliyekubali kujiunga nasi kwa kuahidiwa sahani ya pilau. Mkataba ulisema akiguswa mmoja wetu kwa ubaya, wote wanaingia. Wafula alipofikishwa barazani aliwaamkia wazee vizuri, akauliza kwa adabu zote tunapigania nini. Babu akamwambia anywe kahawa, ikipoa haifai.

Katikati ya utukufu huu wote, mama yangu mdogo Saida akapata mchumba. Saida alikuwa kitinda mimba wa babu na nyanya, msichana wa maneno machache na kicheko cha chini chini, ndiye aliyenisuka nywele na kunifunza kukaanga kaimati zisinywe mafuta. Mchumba ni Nasoro, karani wa bandarini, kijana mwembamba mwenye haya, na alikuwa na ila moja tu: alikuwa mpwa wa Mzee Kombo. Posa ile ilipikwa na wanawake, nyanya na mamake Nasoro, waliokuwa wakikutana kwa Bi Mwanasha asubuhi na mapema wakati wakuu wa nchi wamelala. Wanaume walikuja kuarifiwa mambo yameiva, na kwa kuwa kukataa kungeonekana ni kuogopa, kila upande ukakubali kwa kiburi.

Saida alimtaka Nasoro. Nalisema wazi kwa sababu enzi zile msichana hakulisema. Lakini mimi ndimi niliyekuwa nikitumwa kununua mahamri ambayo hakuna aliyeyahitaji, ili yeye asimame nyuma ya dirisha aone Nasoro akinisalimu njiani kwenda kazini. Nikirudi aliniuliza amesema nini, nami nikamwambia amesema nisalimie nyumbani, na salamu hiyo moja ikamtosha mpaka kesho. Mapenzi ya enzi zetu hayakuhitaji chaji. Wajukuu zangu wakiandikiana usiku kucha asubuhi wanaachana, wanasema hawakuelewana.

Sasa kuna ada moja ya mchezo ule ambayo sina budi kuieleza, kwa maana ndiyo iliyotuponza. Siku ya harusi yenyewe, mwisho wa kirumbizi, bwana harusi huingia duarani na fimbo yake ya henzirani, na kaka wa bi harusi huingia kumkabili. Hugonganisha kidogo kuwafurahisha watu, kisha kaka hushusha fimbo yake akaguswa begani. Anashindwa. Lazima ashindwe, ndiyo alama ya kwamba nyumba imemtoa binti yake kwa moyo mkunjufu. Baada ya hapo wanaume huongozana msikitini kwa nikaha. Makaka wangapi walishindwa katika vichochoro vile, wakaenda wakala pilau wakashiba, na sijasikia hata mmoja aliyekufa kwa aibu.

Makaka hao, lakini, hawakuwa Marekani. Harusi ya Saida ilipokaribia, baraza la Juu lilikaa kwa uzito mkubwa kujadili jinsi Marekani itakavyoguswa begani na Urusi, mchana, mbele ya watu wa Makupa. Wakapeleka mjumbe Chini kuomba fimbo zishushwe kwa pamoja, asishinde mtu. Chini wakajibu kwamba ada ni ada, na kwamba wameshaalika wageni waje waone bega lenyewe. Jibu hilo lilipofika, babu aliipandisha sauti ya redio.

Nyanya aliliona linalokuja. Alimwita mjomba Abubakari chumbani ambamo Saida alikuwa ametiwa ndani, anasingwa kwa liwa ya msandali, mimi nimeshika bakuli. Mjomba alisimama mlangoni akitazama chini.

"Sikiza, mwanangu," nyanya akamwambia. "Siku ya arusi ya nduguyo kushindwa ndiyo heshima yako. Ukimshinda shemejiyo, wapatani?"

Mjomba alisema anajua, ila mama hakai barazani, hayasikii maneno. Hapo Saida, ambaye kama bi harusi hakupaswa hata kunyanyua macho, akanyanyua macho, uso wote ukiwa umepakwa liwa.

"Kaka Abu, ni bega tu," akasema. "Nipe hilo bega, sitakuomba kitu tena."

"Takupa, Saida. Wallahi takupa."

Na alikusudia. Namtetea mjomba wangu kwa hilo mpaka leo: alipoapa alikusudia.

Siku ya harusi uani kulikuwa na masufuria ya pilau ambayo mimi ningeweza kulala ndani yake, na moshi wa kuni uliochanganyika na udi mpaka watu wakawa wananukia na kukohoa kwa wakati mmoja. Wanawake tulikuwa ghorofani, kwenye madirisha ya mbao yenye vitundu, tunaona bila kuonekana. Chini wakaja kwa ngoma, wamebeba bendera nyekundu ambayo wajuzi kati yetu waliitambua kuwa shuka la kitanda. Sisi tulikuwa na yetu ya mistari, iliyoshonwa kwa leso za nyanya bila ya idhini yake. Vijana wa Makupa walipanga mstari upande mmoja, wa Buxton upande wa pili, na Wafula aliyekuwa amesimama kati yao alikuwa akichungulia uani kuona kama pilau imeiva.

Vijana walicheza, fimbo za mkwaju na za mpingo zikagongana kwa mlio mzito ambao sijapata kuusikia harusini. Kila aliyeguswa alitoka anachechemea, na hakuna aliyempa mwenzake mkono. Kisha zumari likabadili sauti, Nasoro akaingia. Kanzu nyeupe, koti jeusi, fimbo ya henzirani kama ada inavyotaka, na tabasamu la mtu anayetamani jambo liishe aende msikitini. Saida aliliegemea dirisha, akanishika mkono. Mjomba Abubakari akaingia na fimbo ya mpingo ambayo babu alimkabidhi asubuhi ile mbele ya watu.

Waligonganisha taratibu. Mjomba akaanza kuishusha fimbo, na mimi kwa macho yangu niliona bega lake likiteremka. Pale pale Chini wakaanza kuimba Urusi, Urusi, na mtu mmoja barazani kwetu akapaza sauti kwamba Marekani haipigi magoti. Mjomba akamtazama babake. Babu hakumwambia apige. Wala hakumwambia asipige. Alikaa tu na bakora yake, anamtazama mwanawe, na Nasoro alikuwa ameshanyoosha henzirani yake kwenda begani. Mpingo ukapanda, ukateremka kwenye paji la uso la bwana harusi.

Yaliyofuata wenyewe waliyaita vita, nami sitawanyima jina hilo. Makupa waliingia kwa mujibu wa mkataba. Buxton wakaingia kwa mujibu wa mkataba. Wafula aliwanyanyua wawili waliokuwa wakikabana ili awaamue, akapigwa na pande zote mbili, wakiwamo wa kwetu. Masufuria yalipinduliwa, wali ukatiririka mpaka bombani, na mpiga zumari alijificha jikoni kwa Bi Mwanasha chini ya meza, amekumbatia zumari lake kama mtoto mchanga. Baadaye kila aliyeulizwa, wa Juu na wa Chini, alisema yeye alikuwa anajilinda. Mtaa mzima ulijilinda mpaka hakukuwa na mlango uliobaki na bawaba.

Jioni babu alitangaza barazani kwamba tumeshinda. Ng'ambo, Mzee Kombo alitangaza kwamba wameshinda. Sisi wa ndani tulikuwa tunaokota nyama mchangani.

Baada ya magharibi mlango wa uani uligongwa. Alikuwa mamake Nasoro, amejitanda buibui, amepita vichochoro vya nyuma. Alileta maneno ya mwanawe: jeraha ni dogo limefungwa, mahari iko, shehe yuko tayari, na kama Mzee Shee ataridhia nikaha isomwe usiku huo huo, hata jikoni, bila ngoma wala mtu. Saida alipoyasikia alilia, ndiyo mara pekee niliyomwona akilia, na ilikuwa kwa furaha. Akaenda kunawa uso, akajipaka wanja upya. Nyanya akaupeleka ujumbe ule barazani. Babu alisema damu imemwagika, haiwezekani. Mamake Nasoro alirudi kwao akamwambia kaka yake, Mzee Kombo akasema damu imemwagika, haiwezekani. Lilikuwa ndilo jambo la kwanza ambalo madola yale mawili yalikubaliana tangu nizaliwe.

Juma lile likafanyika suluhu, kwa Bi Mwanasha, maana hapakuwa na mahali pengine. Wazee walikula mahamri yake, yale yale ya iliki, wakasomeana masharti. Kila upande utarudisha vifuniko vya masufuria ulivyoteka. Chini watachota maji asubuhi, Juu jioni. Bendera zitavuliwa, leso zirudishwe kwa wenyewe. Na ile harusi isitajwe tena na mtu, kwa ajili ya amani. Wakasoma Fatiha, wakakumbatiana, wengine wakalia kwa jinsi walivyosameheana. Saida hakuulizwa. Alikuwa ghorofani kwetu, hatua chache kutoka hapo, na madirisha yale yana vitundu, maneno yanapita vizuri sana.

Mjomba Abubakari alikuja kumwomba radhi. Alisema hakutaka, mkono ulikwenda wenyewe. Tangu siku ile nimewasikia wakubwa wengi wa dunia redioni na kwenye televisheni wakieleza jinsi walivyoingia vitani, na wote wana mkono wa mjomba wangu. Saida alimwambia amemsamehe. Kila Idi mjomba alimletea kitambaa kizuri kuliko alichomletea mkewe, Saida akapokea akashukuru, na mpaka mjomba anaingia kaburini hawakuitaja siku ile.

Nasoro alikwenda Arabuni kabla ya mwaka kwisha, akapata kazi huko, akaoa mwanamke wa Tanga. Saida walikuja kumposa watu, wa kwanza, wa pili, hata mgane wa heshima zake kutoka Malindi. Alikataa kwa upole mpaka wakaacha kuja. Alikaa dirishani akatarizi kofia, na nyingi ya zile alizovaa babu barazani ni kazi ya mikono yake. Babu alikufa akiamini kwamba Marekani imemshukuru. Baadaye redio zote zikatangaza kuwa wale wakubwa wawili wamepeana mikono, vita baridi vimekwisha. Hakuna aliyekuja kumwarifu Saida.

Siku hizi, tunaambiwa, watu wameelimika. Mjukuu wangu Swaleh amesoma mpaka chuo kikuu, na jioni nikimfuata kule bustani ya Mama Ngina kula viazi karai na kachiri namkuta na wenzake wameinamia simu, wanabishana ndege gani isiyo na rubani inapiga mbali zaidi. Kwenye picha yake ya simu ameweka bendera ya nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani. Binamu yake ameweka ya wale wengine, na sasa hawasalimiani. Nao wamelelewa kwenye mkeka mmoja, wakioga karai moja. Juzi alinijia mbio, amefurahi, akaniambia, "Nyanya, jana usiku tumewapiga." Nikamuuliza nyinyi na nani. Akanitazama kama mtu wa kale asiyejua dunia. Enzi zetu ujinga huu ulikuwa na adabu, angalau: uliishia bombani, na uliyempiga ulimjua jina. Leo mtu analala Mji wa Kale, anaamka amebomoa mji wa watu asiowajua, anakunywa chai.

Mwezi uliopita tukasikia Nasoro amerudi, mgonjwa. Hakuchukua siku nyingi, akafa katika nyumba ya mamake, Mtaa wa Chini. Nilikwenda kumwambia Saida nikiwa nimejipanga namna ya kusema, nikamkuta ameshavaa buibui. Aliniambia nimshike mkono, magoti yake hayampeleki. Tukateremka. Vijana kibarazani walitupisha. Hakuna hata mmoja kati yao ajuaye kwamba ule mtaa uliwahi kuwa miwili.

Ndani wanawake walikuwa wamekaa mikekani, wengi wa rika langu, wale wale niliocheza nao mdako. Walipomwona Saida akiingia, wakatazamana. Mjane wa Nasoro, mgeni wa Tanga, mama mpole, alimpisha akae karibu yake, akamshukuru kwa kuja na magoti yale. Kisha akamuuliza, kama mtu anavyouliza matangani, "Samahani bibi, wewe ni nani wake marehemu?"

Wanawake wote wakatazama mkeka.

"Jirani," akasema Saida.

"Wa hapa hapa?"

"Wa hapo juu."

Mjane akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Alikuwa hachoki kunisimulia mtaa wenu huu. Alisema enzi zenu mlikaa kwa mapenzi, si kama siku hizi, mtu hamjui aliye mlango wa pili."

"Eee, dadangu," akasema Saida. "Tulikaa vizuri sana."

Kisha akaomba apewe juzuu ya Kurani, akamsomea Nasoro mpaka mwisho.